Wagonjwa wa Siku ya Mtihani

Lifti ya mlima Barón ilikwisha kuanza kupanda, bandari ikibaki chini na makelele yake ya makontena, ndipo Yasna alipogundua skafu yake ya samawati imebanwa mlangoni.

"Dada, umekamatwa," alisema kijana mmoja mwenye koti la sufu, huku akicheka.

"Nifungulie basi, badala ya kunionyesha meno."

"Haifunguki mpaka juu. Vumilia, tuzoeane."

"Tuzoeane na nani? Sikujui."

"Naitwa Nibaldo, mwalimu. Na hizo karatasi za manila ulizobeba zinasema wewe nawe ni wa ukoo huo."

Ukoo kweli. Machi shule zilipofunguliwa, Yasna aliripoti kazi yake ya kwanza katika shule ya msingi ya mlimani, na mlezi wa walimu wapya aliyempokea alikuwa yuleyule. Chuo kilikuwa kimemjaza Yasna nadharia. Darasa la nne linalorushiana maganda ya machungwa hakikumwambia habari zake. Nibaldo ndiye aliyemwonyesha pa kusimama, wakati wa kunyamaza, na namna ya kumsomesha mtoto bila kumwaibisha. Mafunzo yakahamia kwenye maandazi ya boga siku za mvua, kisha kwenye simu.

"Umekula, kipenzi?"

"Nasahihisha."

"Na mimi je, hunisahihishi?"

"Wewe umeshaharibika, nikusahihishe wapi?"

Mtoto aliyemfurahisha Yasna kuliko wote ni Belén. Alikuja hajui kuunganisha silabi. Kufika Septemba alikuwa akisoma vibao vya maduka kwa sauti njia nzima, mpaka wapita njia wanageuka.

Mtihani wa taifa ulipokaribia, mkuu wa shule, Bi Eduvina, alimwita Yasna ofisini.

"Mwalimu, kuna watoto wataumwa siku hiyo. Belén na wale wenzake wawili wazito wa kusoma. Wapigie mama zao mapema."

"Wataumwa nini, Bi mkuu?"

"Wataumwa nyumbani. Alama zikishuka, wazazi wanahamisha watoto, madarasa yanafungwa. Na wewe mkataba wako ni wa mwaka mmoja, sivyo?"

Yasna hakupiga. Lakini alizidi kujiuliza: mwalimu aliyeachwa mwaka wake wa kwanza, shule gani nyingine itamchukua?

Asubuhi ya mtihani, madawati ya wale watoto yalikuwa matupu. Akampigia mama yake Belén.

"Mbona mwalimu Nibaldo alishapiga? Kasema umemtuma wewe. Mtoto huyu hapa, kavaa sare, analia. Mwalimu, anaumwa nini mwanangu?"

Yasna alimkuta Nibaldo kwenye varanda.

"Umepiga kwa jina langu!"

"Nimekulinda, mpenzi. Wangekufukuza."

"Umenilinda kama kuku wa kwenye tenga. Ndivyo unavyolea walimu wapya?"

Nibaldo aliinamisha kichwa. "Ndivyo nilivyolelewa. Ukishapiga mara moja, Yasna, hutoki tena."

"Basi usiniite mpenzi. Tafuta mwingine wa kumfungia humo."

Msimamizi kutoka wizarani alikuwa tayari ameshika bahasha. Akishaifungua, hakuna anayeingia. Nibaldo akatoa simu, Bi Eduvina akiwa amesimama palepale.

"Mama Belén? Mwanao haumwi. Niliyesema uongo ni mimi, si Yasna. Mlete sasa hivi."

Belén aliingia akihema, kola imepinda. Wenzake wanaishi mbali, wasingewahi.

Jioni simu ya Yasna ikalia.

"Unapiga kama mlezi wangu au kama nani?" aliuliza.

"Kama mtu aliyepiga simu mbaya nyingi, na nzuri moja."

"Njoo ule," Yasna akasema. " Lete mkate, parachichi lipo."

Alama za shule zilishuka kidogo. Mkataba wa Yasna haukuandikwa upya. Shule za bandarini hazikumjibu, akaenda kufundisha Calama, jangwani kaskazini. Nibaldo ana mkataba wa kudumu, na mama kipofu hapo mlimani, hivyo alibaki. Walioana Februari, na huonana shule zikifungwa. Belén hakujua alipata ngapi, kwa kuwa matokeo ya mtihani ule hupewa shule, si mtoto. Bado anasoma palepale. Nibaldo angali analea walimu wapya. Simu za wagonjwa hapigi tena. Huzipiga Bi Eduvina mwenyewe.