Tone la Tano

Ndugu zangu, wako watu wanaofuga kuku, na wako wanaofuga njiwa. Dereva ninayetaka kuwasimulia habari zake alifuga bahari. Aliifuga sebuleni, ndani ya tangi la kioo lenye urefu wa kitanda cha mtoto. Kwa sababu hiyo mtaa mzima ulimwita Nahodha, ingawa hajawahi kupanda hata mtumbwi. Kazi yake ilikuwa kuendesha basi la shule.

Kila Jumamosi asubuhi nyumba ile ilitulia. Mkewe, fundi cherehani, alisimamisha mashine yake. Nahodha alichota maji ya tangi kwa kichupa chembamba na kudondosha dawa ya kupimia, tone kwa tone, huku akihesabu kwa sauti. Tone la kwanza huyageuza maji kuwa bluu. Unaendelea kudondosha mpaka yageuke njano, na idadi ya matone ndiyo kipimo cha kitu ambacho wao wawili walikiita "nguvu". Nguvu hiyo ndiyo matumbawe huitumia kujenga mifupa yao. Ikipungua, unaongeza unga wa magadi kidogo. Ikizidi, unaacha. Nahodha alihesabu, mkewe aliandika daftarini. Nane. Nane. Nane. Kwa miaka sita waliandika nane, na matumbawe yakachanua, ya zambarau na ya kijani, samaki wakipita katikati kama wenye nyumba.

Mwaka huu hesabu zikaanza kupanda. Tisa. Kumi. Kumi na mbili.

"Maji yamekolea mno," alisema Nahodha. "Tusitie unga kabisa."

Mkewe akaandika. Lakini matumbawe, badala ya kunenepa kwa nguvu zote hizo, yakaanza kufifia kutoka kwenye ncha.

Sasa nyinyi nawaambia mapema jambo ambalo mke hakulijua. Macho ya Nahodha yalikuwa yameingia ukungu. Rangi zilimchanganya, na maandishi ya mbali yalimchezea machoni. Zaidi ya hayo kiu ilimkaba kutwa, akawa anamaliza mtungi wa maji peke yake na kusingizia joto. Siku moja, karibu na kivuko cha barabarani, alimwona mwalimu aliyekuwa akivusha watoto pale tu alipokuwa hatua chache mbele ya basi. Alikanyaga breki mikoba ikaruka. Watoto wakacheka na kupiga makofi. Yeye alizima injini palepale.

Hakumwambia mtu. Alijiuliza, dereva asiyeona ataitwa nani? Akanunua miwani barabarani, ya kujaribujaribu, akaificha chini ya kiti cha basi. Na kila alfajiri alipiga magoti akaomba: "Ee Mungu, niponye kimyakimya, asijue mtu." Tafakarini sala hiyo, ndugu zangu. Alikuwa anamwomba Mungu amponye, na papo hapo anamwomba amsaidie kuficha.

Jumamosi moja akaja shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye ni msusi na hajui kunong'ona. Hakufika hata kwenye kiti.

"Shemeji! Mbona bahari yako imeota mvi?"

"Karibu kwanza, msusi. Mvi zako umezipaka rangi, za wenzako unazipigia kelele."

"Zangu nazipaka, ndiyo. Wewe zako umeziachia sebuleni, kila mgeni azione."

Wakacheka wote. Nahodha akainama na kichupa chake, akaanza. "Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano."

"Haya, imegeuka," alisema shemeji.

"Sita."

"Shemeji, imeshageuka."

"Usinipotezee hesabu. Saba. Nane."

Msusi alimtazama dada yake. Alidhani ni utani wao wa siku zote, na akataka kuufuata. "Basi niambie, Nahodha, hayo maji ni rangi gani?"

"Bluu. Bado bluu. Tisa."

Msusi aliacha kucheka.

"Dada, mimi nachanganya rangi za nywele kutwa nzima. Hiyo ni njano. Njano kama kiini cha yai. Imekuwa njano tangu tone la tano."

Mke aliinuka, akakichukua kichupa kutoka mkononi mwa mumewe, akakipeleka dirishani. Akakitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kumbe maji hayakuwa na nguvu ya kumi na mbili. Yalikuwa na tano. Matumbawe yalikuwa yanakufa njaa, na wao wakiyanyima unga kwa kudhani yameshiba.

"Ni taa ya humu ndani," alisema Nahodha. "Taa mbovu hii."

"Baba watoto, mimi natunga uzi kwenye sindano kwa taa hiihii." Aligeuka. Hakupandisha sauti. "Acha mambo ya tangi. Basi unaliendeshaje?"

Nahodha akaanza kufuta kioo cha tangi kwa kiganja.

"Nakuuliza wewe, mume wangu. Watoto arobaini wa watu. Unawaendeshaje?"

Nahodha akakaa chini, palepale sakafuni, mgongo kwenye kabati la tangi. Akasimulia yote: kivuko, breki, miwani iliyofichwa. "Wakijua, wataninyang'anya usukani," alisema. "Nitakuwa nani mimi?"

"Utakuwa hai," alisema mkewe. "Na watoto wale pia."

Msusi, ambaye hajui kunong'ona, safari hii alinong'ona. "Mpigie mwalimu mkuu, shemeji. Mwenyewe. Usisubiri aambiwe."

Alishika simu, akaiweka. Akaishika tena. Jumatatu ilikuwa inakuja, na angeweza kupanda basi lile kama kawaida. Nyumbani wangepiga kelele, lakini funguo zilikuwa mfukoni mwake. Akafumba macho, akaomba kwa maneno machache kuliko siku zote: "Mungu wangu, nimechoka kuficha." Akapiga.

"Mama mwalimu, Jumatatu usinipe basi," alisema. "Sioni vizuri. Nimekuwa sioni vizuri tangu muhula uliopita." Na akamweleza kuhusu kivuko.

"Hilo la kivuko ulipaswa kuniambia siku ileile," alisema mwalimu mkuu. "Tutalizungumza, na halitakuwa jepesi. Kwa sasa nenda hospitali."

Siku hiyohiyo mkewe alimpeleka. Ilikuwa sukari. Ilikuwa imepanda sana na imeanza kuharibu mishipa ya macho. Daktari alichungulia jicho la kulia, kisha la kushoto, akavuta kiti karibu.

"Mzee, umekuja kwa tabu lakini umewahi," alisema. "Mngekaa mwaka mwingine, tungekuwa tunaongea habari za fimbo nyeupe ya wasioona."

Mke alishika ukingo wa meza akalia. Yalikuwa machozi ya mtu aliyetua mzigo.

Walianza dawa, na sukari ikateremshwa polepole, kwa vipimo. Matumbawe nayo walianza kuyarudishia nguvu hivyohivyo, unga kidogo kila siku, maana ukiyapa yote kwa mara moja unayaua. Mengine hayakurudi. Mengine yalirudi. Sasa mke ndiye anayedondosha na kuhesabu, Nahodha anaandika kwa herufi kubwa.

Shuleni alipewa onyo la maandishi, naye akasema ni haki. Hawakumfukuza. Alipewa kiti cha nyuma ya dereva mpya, kazi yake kufunga mikanda ya wadogo na kuwashusha. Siku za kwanza aliona aibu. Siku hizi wazazi humpungia mkono, naye hupunga, na jioni hurudi nyumbani akalala usingizi ambao hakuupata mwaka mzima.

FUNZO

Ndugu zangu, ugonjwa si kosa, kwa hiyo usiufiche kama mwizi afichavyo mali. Ukiona mwili unabadilika, mwambie wa nyumbani mwako na uende ukapimwe. Na kama maisha ya wengine yako mikononi mwako, iwe ni usukani, sindano au jiko, siri ya afya yako si yako peke yako tena. Nasi tulio karibu na mgonjwa, tusiandike tu kila tunachosomewa, tuinuke tukaangalie. Mungu hutuponya kwa njia nyingi, na mara nyingi huanza kwa kutufungua mdomo.