Mfuko wa Chumvi Kwenye Kiti cha Trekta

Hapa Iowa, Marekani, ikifika Juni, mtu hupimwa kwa nyasi za uwanja wake. Akikosa kanisani, atasamehewa. Akiacha nyasi zifike magotini, majirani huanza kumwombea.

Baba yangu, Dwayne Tollefson, hakuwahi kuombewa. Ana trekta dogo jekundu la kukatia nyasi. Kila Jumamosi hulipanda kama jenerali anayekagua jeshi.

Shida ilikuwa matawi makavu. Upepo huyaangusha, na Baba alikuwa akishuka kuyaokota. Kila akishuka, injini ilizimika, maana chini ya kiti kuna swichi inayojua kama mtu amekaa. Baba alichoka kuwasha upya. Akachukua mfuko mzito wa chumvi ya kulainishia maji ya bomba, akawa anauweka kitini kila anaposhuka. Trekta likadhani ni yeye.

Mimi, niliyelelewa na shule ya bweni kuheshimu wafanyakazi, niliona aibu mfuko ule kukaa kichwa wazi. Nikauvisha kofia ya Baba na miwani yake ya jua. Mama akachungulia dirisha la jikoni.

"Dwayne, kahawa tayari!"

Mfuko haukujibu.

"Kama kawaida," Mama akasema, akafunga dirisha.

Basi ikaja siku ya harusi ya Shangazi Marlene, dada mkubwa wa Baba. Harusi yake ya kwanza ilifungwa katika chumba cha chini ya kanisa, chini ya bomba linalovuja. Bomba lilidumu kuliko ndoa. Safari hii Shangazi alitaka mbingu juu na nyasi chini, uwanjani kwetu. Lakini mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na nyasi zilikuwa zimepita vifundo vya miguu.

Asubuhi ile mvua ikawa manyunyu. Shangazi akapiga simu.

"Mdogo wangu, nyasi zisipokatwa kabla ya saa sita, mchungaji anatupeleka chini. Kwenye lile bomba."

"Dada, nimekuahidi. Hushuki."

Baba akaingia gereji, mlango ukiwa umefungwa kwa sababu ya manyunyu. Akakaa, akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena. Hata kukohoa halikukohoa.

"Betri imekufa," akatangaza. Akashuka, akaurudisha mfuko kitini, akachukua bisibisi. Alitaka kugusanisha nyaya za kuwashia kwa chuma, kama wafanyavyo wanaume wa mtaa wetu wakiishiwa subira.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Bi Ardis Quamme, jirani yetu, alisimama na bakuli la saladi ya viazi. Bi Ardis ameendesha mashine za kuvunia mahindi maisha yake yote, na hajui kunong'ona.

"Dwayne! Weka chini hiyo bisibisi!"

"Naliamsha tu, Bi Ardis."

"Litaamka kweli! Likiwa kwenye gia litakupita juu, na visu vya kukatia nyasi vinazunguka chini yake. Harusi itageuka mazishi. Nafuu yenu ni kwamba viti vya wageni ni vilevile."

"Lakini betri imekufa."

"Maiti gani anawasha taa?"

Tukatazama. Taa za mbele zilikuwa zinawaka vizuri.

"Na huyu bwana mwenye miwani ni nani?"

"Msaidizi wangu," Baba akasema kwa sauti ndogo.

"Mkono wa kuwashia visu uko wapi?"

Baba akainama. Mkono ulikuwa upande wa kukata. Jumamosi iliyopita alizima kwa ufunguo akiwa amesimama pembeni, mfuko ukiwa kitini. Visu akavisahau.

"Basi halijafa. Linakukatalia," Bi Ardis akasema. "Visu vikiwa vimeunganishwa, halikubali kuwaka. Lina akili kuliko abiria wake. Toa ufunguo. Tulisukume nje."

"Bi Ardis, manyunyu!"

"Manyunyu hayajaua mtu. Moshi wa injini kwenye chumba kilichofungwa unaua. Una sumu isiyo na harufu. Utasinzia, hutaamka."

Tukalisukuma hadi mahali tambarare. Manyunyu yakakatika. Injini ikiwa bado baridi, Baba akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilikuwa kati ya alama mbili. Akaongeza petroli bila kujaza hadi mdomoni, akafuta tone lililomwagika. Mimi niling'oa nyasi zilizoziba wavu wa hewa juu ya injini.

"Sasa nikae?" Baba akauliza.

"Matawi je? Okota kwanza, panda baadaye. Hutakuwa na haja ya chumvi."

Tukauzunguka uwanja wote tukiokota, jua likikausha nyasi. Mama akamfungia mbwa wetu, Bismarck, jikoni.

Hatimaye Baba akapanda. Akakanyaga breki hadi mwisho. Akahakikisha visu vimezimwa. Akavuta choki, kile kishikio cha kuamshia injini baridi, akazungusha ufunguo.

Likanguruma! Baba akaachia ufunguo, akarudisha choki polepole, akaliacha lipate joto.

"Unganisha visu, kisha inua makalio kidogo tu," Bi Ardis akaamuru.

Akainua. Injini ikazimika.

"Huo si ugonjwa," Bi Ardis akasema. "Hiyo ndiyo afya yake."

Baba akazima visu, akawasha tena, akaviunganisha, akaanza kukata. Alikuwa amebakiza kona moja mlango wa jikoni uliposukumwa. Bismarck akachomoka, moja kwa moja kuelekea trekta. Baba, bila kufikiri, akaruka chini kumzuia. Injini ikakatika hapo hapo. Mbwa alipofika, visu vilikuwa vimesimama. Akanusa gurudumu, akatikisa mkia.

Baba akamkumbatia shingoni. Akautazama mfuko tuliokuwa tumeuhamishia barazani, ukiwa bado na miwani yake.

Saa sita ilipofika, uwanja ulikuwa na mistari iliyonyooka. Mchungaji alifika na funguo za chumba cha chini mkononi. Alipouona uwanja, akazirudisha mfukoni. Shangazi Marlene akavua viatu, akatembea peku juu ya nyasi hadi kwa bwana harusi, na watu wakapiga makofi mpaka Bismarck akabweka.

Mfuko tuliupa kiti cha mstari wa mbele, pamoja na kofia yake. Mama akaupelekea kipande cha keki.

"Kaa hapohapo," akauambia. "Kazi ya trekta umeachishwa."

Baba akacheka kuliko wote, kisha akaila ile keki.