Uzi wa Kesho

Nilikuwa natunga senti ya kumi kwenye uzi wangu wa kumi na mbili. Nikatia mkono chunguni kuweka uzi huo pamoja na wenzake... nikashika kitu ambacho hakikuwa pesa.

Nikatoa uzi mmoja. Ukalia kama bati.

Nikatoa wa pili. Bati.

Wasomaji wangu, nilikuwa na miaka kumi. Ada ya shule, shilingi kumi na moja, ilitakiwa kesho yake asubuhi. Na akiba yangu ya miezi saba ilikuwa imegeuka washa... vile vibati vya duara vyenye tundu, vya kuwekwa kwenye misumari ya mabati.

Ilikuwa Gazi, kusini mwa Mombasa, miaka michache baada ya uhuru. Senti kumi za zamani zilikuwa na tundu katikati. Mama yangu, Mwanamkuu, hakusoma, lakini alinifundisha pesa kwa uzi. Nikiuza makuti niliyoshona, senti zilikwenda kwenye nyuzi mbili.

Uzi wa leo, wa chumvi na mafuta ya taa.

Uzi wa kesho, wa shule. Sarafu kumi za senti kumi zikitimia, fundo. Hiyo ni shilingi.

"Na uzi wa kesho haufunguliwi," mama alisema. "Hata nikiumwa."

Tuliojua chungu kilipo tulikuwa watatu: mimi, mama, na ndugu yake, mjomba Shehe, aliyekuwa akiishi nasi. Kazi yake ilikuwa kuezeka mabati Ukunda.

Wiki iliyotangulia aliniambia, "Mwanaima, nipe zile senti nikuwekee mimi."

"Uzi wa kesho haufunguliwi, mjomba."

"Hata na mimi?"

"Hata na wewe."

Akaenda zake.

Na siku ile ya washa, alikuwa ameondoka kabla ya alfajiri. Bila kuaga.

Mama aliziona nyuzi mikononi mwangu. Akakaa chini.

"Shehe," alisema. "Shehe ameniibia mwanangu."

Hakujua kwamba Menza, jirani yetu, alikuwa mlangoni, amekuja kuazima kifumbu cha kuchujia tui.

"Nilimwona na mfuko, unalia chenge chenge," Menza alisema. "Saa hizi ameshavuka feri. Mpelekeeni na maji ya kuoga huko Mombasa, maana harudi."

Akachukua kifumbu. Akaondoka nacho, na habari pia.

Mama akavaa leso. "Twende kwa mzee wa mji. Utamtaja wewe, ndiwe mwenye mali."

"Ngoja nihesabu, mama."

"Uhesabu nini? Mabati?"

"Ndivyo ulivyonifundisha."

Uzi wa kwanza, washa kumi. Wa pili, kumi. Nyuzi kumi na moja, washa mia na kumi, na kila uzi fundo lake.

Nikashangaa. Mwizi huchota akakimbia. Huyu alikaa gizani akahesabu, akafunga fundo moja moja. Kwa nini?

"Ili ukipapasa usijue," mama alisema.

Huenda. Sikuwa na hakika. Lakini nilikataa kwenda.

Tukakaa. Alasiri ikapita. Watu walipita mbele ya nyumba polepole kuliko siku zote, wakatazama mlango wetu, wakaendelea... hakuna aliyepiga hodi. Mama hakupika. Mimi niliushika uzi wangu wa kumi na mbili mpaka jasho likaulowesha.

Karibu na magharibi, mjomba Shehe akaingia, miguu imejaa vumbi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

Akamwaga pesa kwenye mkeka. Zilimetameta. Sikuwa nimewahi kushika nyingi namna ile za aina mpya, zisizo na tundu.

"Jana mwenye duka Ukunda alizikataa senti zangu za tundu," alisema. "Ameambiwa leo ndiyo mwisho wa benki ya Mombasa kuzibadilisha. Nilijua nikiwaamsha mtakataa. Kila washa niliyotia ni senti yako niliyoibeba. Hesabu."

Nikahesabu. Shilingi kumi na moja, kamili.

"Na hii, mjomba?" Nikamwonyesha uzi uliokuwa mkononi.

Akaugusa kwa kidole.

"Hiyo sikuijua, mwanangu. Hiyo imekufa."

Ilikuwa shilingi yangu ya daftari. Uzi huo ninao mpaka leo.

Kisha akauliza, taratibu, "Mbona leo watu wa Gazi hawaitikii salamu? Nimesalimu nyumba saba."

Mama akainamisha kichwa.

Ndugu zangu mnaolea, mfundisheni mtoto kuweka akiba. Lakini mfundisheni pia kuulizia habari za hiyo pesa, maana kanuni ya mama ingeiua akiba yangu yote ndani ya chungu. Na mfundisheni kuhesabu kabla ya kumtaja mtu. Pesa yangu ilibadilishwa kwa siku moja, kwenda na kurudi. Jina la mjomba halikuwa na benki ya kulipeleka.

Jioni ile mama alinishika mkono. Tukaanza kwa Menza.

"Shehe hakuiba," mama alisema. "Nilisema kabla ya kuhesabu."

"Aa, dada," Menza alisema, kifumbu bado mkononi. "Wachuuzi wa samaki wa kijiji cha Bodo wamepita hapa. Nimeshawaambia."

Tukaenda nyumba ya pili, ya tatu, ya nne, maneno yale yale. Adhana ya isha ikatukuta uani kwa watu.

"Zilizobaki kesho," mama alisema. "Na Bodo."