Soya ya Farasi wa Kofu

Stesheni ya mji wa Kofu ilifurika watu asubuhi ile. Chizuru, koti la kijivu mwilini na kisanduku kifuani, alitembea kama mtu ambaye bado yuko usingizini. Akapigana vikumbo na kijana mrefu. Kisanduku kikafunguka, punje nyeusi zikatawanyika sakafuni.

"Samahani, dada! Mbona soya yako imeungua hivi?"

"Iliungua miaka mia tano iliyopita. Ikanyage uone, utanitambua!"

Kijana akapiga magoti kuziokota, huku akicheka. "Basi ni yangu hiyo. Mimi ndiye Tomohisa, niliyekutumia ule udongo."

Udongo ulitoka nyuma ya stesheni hiyo hiyo, ambako Tomohisa, mtaalamu wa mambo ya kale, alikuwa akifukua jumba la bwana mmoja wa zamani. Chizuru, mtaalamu wa mbegu za zamani, alikuwa ameuchekecha kwao, mji wa Mito, akaipata soya hiyo ndani yake. Hakutarajia mwenye udongo awe na macho mazuri namna ile.

Mipichi ikachanua, na siku zikapita kama ndoto. Simu kila jioni; Jumapili, supu ya tambi na boga. Kilichowagawa ni natto tu, ile soya ya kuchachushwa, yenye kunata, ambayo watu wa Mito hawaanzi siku bila kuila. Tomohisa, mtu wa Osaka, aliziba pua.

"Mpenzi, hicho si chakula cha farasi?"

"Ndivyo wazee wetu wanavyosema, ilianzia kwenye soya waliyopikiwa farasi wa vita. Kwani wewe unajiona bora kuliko farasi?"

Kumbe Tomohisa alikuwa ameshawatangazia waandishi wa habari kwamba palipotoka soya ile amegundua jiko la yule bwana. Chizuru akampigia simu.

"Tomo, hii soya imechanganyika na pumba na majani makavu yaliyokatwakatwa. Bwana mkubwa hali majani. Hilo ni banda la farasi."

"Nimepanda farasi tangu chuoni, Chizuru. Mkia unakaa upande wa mlango. Nimechimba pale mlangoni, hakuna alama ya mkojo wala samadi."

"Hayo ni mabanda ya siku hizi. Zamani waliwaingiza kinyumenyume, mdomo mlangoni, mkia ukutani."

"Unataka kuniaibisha nchi nzima!" Akakata simu.

Wiki tatu kimya. Chizuru alimpenda, na moyo ulimuuma hasa. Ripoti yake ya ile soya ilikuwa mezani, inangoja neno moja. Akiandika "jiko", simu italia jioni hiyo hiyo. Usingizini aliwasikia farasi wakitafuna taratibu, nyuso zao zikimwelekea. Alipoamka akaandika "banda", akaituma, akalia.

Jumamosi asubuhi mlango wake ukagongwa. Tomohisa alisimama pale na suti yake nzuri, viatu vimejaa tope.

"Nimechimba ukutani. Kuna shimo la mkojo, udongo umegeuka kijani kabisa kwa mkojo wa miaka. Niliwageuza farasi wa watu, na wewe nikakupa mgongo. Nisamehe."

Chizuru alimkaribisha mezani, akamwekea wali na bakuli la natto. Tomohisa akaikoroga, akafumba macho, akameza. Machozi yakamtoka.

"Unalia?"

"Harufu. Chizuru, nioe... yaani, nikuoe?"

Chizuru akacheka mpaka akashika meza. "Haya. Ila kifungua kinywa napanga mimi."

"Hii? Kila siku?"

"Kila siku."

Tomohisa alilitazama bakuli kwa muda mrefu, kisha akalisogeza mbele. "Niongeze."