Mume Wangu Alioa kwa Majani Yangu

Nina miaka arobaini na tisa na watoto wanne. Naishi Katoyi, hapa Goma, katika nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe ya lava. Mbele ya mlango, mahali ambapo wenzangu wanapanda mboga za lengalenga na vitunguu, mimi nimepanda majani ya ng'ombe. Na ng'ombe sina hata mmoja! Majirani wananicheka, wananiuliza kama siku hizi nimeanza kula nyasi. Wacheke tu. Leo nitawaeleza ninyi wasomaji wenzangu kwa nini nimeyapanda, kisha mniambie kama hasira hii niliyo nayo ni ya bure.

Mimi ni mtu wa Butembo. Wazazi wangu walifanya biashara ya maharagwe, na maharagwe hayo ndiyo yaliyonileta Goma nikiwa msichana. Hapa nikakutana na dereva mmoja wa malori. Nitamwita Papa Furaha, kwa jina la binti yetu wa kwanza. Alinioa kanisani, kwa pete na kiapo, mbele ya watu. Kwao ni Masisi, milimani juu ya Sake, ambako marehemu baba yake alimwachia mlima mzima wa malisho.

Tulikaa Murara, hapahapa mjini, mpaka ule mwaka volkano ilipotapika na lava ikapita katikati ya mji. Nyumba yetu ikaenda nayo. Tulitoka na watoto wawili na godoro moja, tukapanda mlimani kwa mama mkwe. Ng'ombe walikuwepo, maziwa yalikuwepo, nikajifunza kutengeneza fromaji, yaani jibini, na kuishusha sokoni. Maisha yakaanza kunyooka.

Halafu wakaja waasi... Waliswaga ng'ombe wote mbele ya macho yetu, hata ndama. Tukateremka kambini na kukaa miaka chini ya mahema, huku mume wangu akirudi kwenye malori yake.

Utulivu uliporudi, tulipanda kwenda kuuona mlima wetu. Mungu wangu! Malisho hayakuwepo. Toka chini hadi juu ilikuwa fujeri tupu, imenifika kifuani. Wanaoijua fujeri wameshanielewa. Ni lile jani lenye vidole vingi na shina gumu, ambalo likipata mlima usio na mwenyewe halitoki tena. Ng'ombe mwenye njaa akilila anakojoa damu mpaka anakufa. Na mizizi yake inatembea chini ya ardhi, myeusi, minene kama kidole gumba, ukikata huku inatokea kule.

Papa Furaha aliangalia mara moja tu, akasema tuchome. Mama mkwe akakataa. Alisema moto ndio chakula cha fujeri, kwamba ukichoma leo, kesho kutwa ya kwanza kuota ni yenyewe. Mume wangu akasema basi, ninyi mnaojua fanyeni. Akateremka Goma kutafuta pesa, akatuacha wanawake wawili na mlima.

Tulifanya! Fujeri inapochipuka inakuja imejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Unaikata wakati ile ngumi inaanza kufunguka, hapo ndipo mzizi unapopata hasara. Inachipuka tena, unakata tena. Mvua zikija, zikienda, sisi tumeinama. Mgongo wangu mpaka leo haunyooki vizuri asubuhi. Mnadhani nilikuwa nalalamika? Sikulalamika. Nilikuwa nawaona watoto wangu wakinywa maziwa.

Kisha tukatafuta majani ya zamani ya mlima ule, yale laini yanayotambaa. Yalikuwa yamebaki sehemu moja tu, kwenye makaburi ya ukoo, kwa sababu kwao ng'ombe hachungwi juu ya makaburi. Mama mkwe aliomba ruhusa kwa mume wake aliyelala pale, akamwambia ni kwa ajili ya wajukuu wake. Ndipo tukang'oa vipande vyenye mizizi, tukavipanda mstari kwa mstari mahali fujeri iliposhindwa. Tukajenga ua wa miti na lango la mbao.

Sheria ya mama mkwe ilikuwa moja. Aliniambia:

“Mukwe wangu, uvute ile jani na mukono. Ikikatala kutoka, njo ngombe aingie. Ikitoka, ufunge mulango hata kama ngombe analia.”

Ng'ombe wangu mwenyewe alikuwa mmoja, Bihogo, niliyempata kwa jasho la maharagwe. Hata yeye sikumwingiza. Nilimfunga kando ya nyumba na kumkatia majani ya bondeni. Maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yakimsomesha Furaha.

Siku moja nikasikia mluzi chini. Papa Furaha alikuwa anapanda na kundi la ng'ombe! Majike mazuri, pembe ndefu. Nilishika kifua.

“Mama Furaha, fungula!” aliniita akiwa bado mbali. “Ni ngombe zetu hizi. Sikukuambia tutaanza tena?”

Mama mkwe akasema nivute kwanza lile jani. Nikamwambia, mama, leo ni siku ya furaha, majani yatavumilia. Nilifungua lango kwa mikono yangu hii, nikapiga vigelegele hadi sauti ikakauka. Mume wangu alikuwa amenikumbuka! Mwanamke gani asingefungua?

Ng'ombe walikula. Walinenepa, ngozi zikang'aa. Lakini nilianza kuona mizizi ikining'inia midomoni mwao, maana majani yalikuwa hayajashika udongo vizuri na ulimi wa ng'ombe unavuta kila kitu. Nilipomwambia mume wangu tuwatoe kidogo, alisema nina roho ndogo. Upande wa juu ulipobaki udongo, yeye akapanda na kiberiti, akachoma upande wa chini ili pachipuke haraka. Nilipiga kelele, nikalia. Alisema ng'ombe hawaruhusiwi kukonda mwezi huu. Sikuuliza kwa nini mwezi huu. Mapenzi ni kipofu, ndugu zangu!

Wiki chache baadaye wakaja wageni, wazee watatu wamevaa makoti, wana fimbo mkononi. Walisema wamekuja kuangalia ng'ombe. Nikafikiri ni wanunuzi wa ndama. Niliwakaribisha, nikawapikia maharagwe, nikawapa maziwa ya Bihogo. Walizunguka, wakashika migongo ya ng'ombe, wakatazama meno. Mkubwa wao akarudi anatabasamu.

“Mukwe wetu anajua kuchunga,” alisema. “Angalia vile ngombe inanona!”

Nikamuuliza, “Mukwe wenu njo nani, muzee?”

“Si huyu mwenye mulima? Anaoa mutoto yangu, Solange, wa kule Katindo. Hizi njo ngombe za mahari.” Akanitazama kwa upole kabisa. “We si dada yake? Alituambia ni dada yake njo anamulindia mulima.”

Dada yake!

Miaka ishirini karibu ya ndoa, watoto wanne, mgongo uliovunjika kwa fujeri... na mimi ni dada yake! Nilikuwa nimewanenepesha ng'ombe wa kumwolea mwanamke mwingine, tena nikawapikia wakwe zake maharagwe!

Nilimwambia yule mzee, “Mimi ni bibi yake. Bibi ya kanisa. Watoto bale unaona pale ni ba kwake.” Mzee aliweka kikombe chini bila kumaliza maziwa. Alisema “Yesu!” na akaomba msamaha, kwa sababu hata yeye alidanganywa. Lakini binti yake alikuwa na mimba tayari. Kesho yake ng'ombe walishushwa kwake vilevile, wakawa mahari. Mama mkwe alikaa chini, akajifunika uso kwa kitenge.

Papa Furaha alipofika, nilidhani atapiga magoti. Thubutu! Alisimama mlangoni na suti mpya.

“Acha kelele, bantu banasikia,” aliniambia. “We umepoteza nini? Majani tu. Majani inaota yenyewe.”

Wasomaji wenzangu, kunisaliti na mwanamke ni jambo linalowapata wengi, nami ningelia kama wengine na kunyamaza. Lakini neno lile! Majani yanaota yenyewe! Mtu ambaye hakuinama hata siku moja, ambaye hakutoa hata mwiba mmoja kidoleni! Nilitafuta jibu mdomoni nikalikosa, nikaingia ndani.

Mvua ziliponyesha, ya kwanza kuota palipochomwa ilikuwa fujeri, kama mama mkwe alivyosema. Bondeni nako lile kundi lilikuwa limemaliza kila kitu. Bihogo alikata kamba kwa njaa, akaingia kwenye machipukizi yale. Nilimkuta amesimama miguu imetanuka, anakojoa damu. Tulimnywesha kila tulichoelekezwa. Alikufa akiniangalia, na Furaha akaacha shule mwaka ule. Hilo ndilo nililopoteza, Papa Furaha, kama bado hujui!

Nilishuka Goma na watoto. Nilianza upya na bakuli la maharagwe barabarani, nikapanga nyumba hapa Katoyi. Nilipoondoka, mama mkwe alinifungia kitu katika gunia lililoloweshwa maji. Yalikuwa majani ya makaburini, na mizizi yake. Aliniambia yale hayakuwa ya mwanawe, yalikuwa ya aliyeinama. Ndiyo haya ya mlangoni, yanashika polepole juu ya mawe ya lava. Sasa naye amelala palepale yanapoota.

Miaka ikapita. Volkano ikatapika tena, watu wakakimbilia Sake usiku na mchana. Vumbi lilipotulia, nani akabisha hodi kwangu? Papa Furaha, na godoro kichwani! Solange alikuwa ameshaondoka na mfanyabiashara wa Bukavu, na lori lilikuwa limeuzwa. Sura yake ilikuwa imechoka. Sikumcheka, lakini pia sikumpa kiti.

Alisema mlima umekuwa fujeri tupu, hata mbuzi hapiti. Alisema turudi, tuufufue, ni mali ya watoto. Akamaliza hivi:

“We njo unajua ile kazi, Mama Furaha. Miye siijue.”

Jibu nililolikosa siku ile ya suti lilikuja lenyewe.

“Kazi gani, Papa Furaha? Majani inaota yenyewe. Wende ukaingojee.”

Alichukua godoro lake. Sikumfuata kwa macho. Nilifunga mlango, nikalia sana, na si kwa kumtaka. Nililia kwa ajili ya mgongo wangu.

Dada zangu, msifanye kama mimi. Mume akikuletea furaha kubwa ghafla, uliza kwanza ng'ombe ni wa nani, ndipo upige vigelegele. Kazi ya mikono yako isimamie kwa mdomo pia, mbele ya ukoo, watu wajue ni yako na wewe ni nani. Na ninyi wanaume wenye milima, acheni viberiti vyenu! Kateni fujeri, inameni, mjue uchungu wa jani moja.

Sasa hivi waasi wako tena kule juu na njia ya mlimani imefungwa. Sijui itafunguliwa lini. Lakini watoto wangu wana haki na ule mlima, na Furaha nimeshamfundisha jinsi ya kukata ile ngumi inapofunguka. Kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni nainama mbele ya mlango wangu, majirani wakicheka, nashika jani moja na kulivuta.

Jana nililivuta kwa nguvu zangu zote. Limekataa kutoka.