Funguo Zilizorudishwa

Ndugu zangu wa mtaa huu na wa mitaa mingine, nipeni sikio. Mimi ni kinyozi. Kazi yangu imenizoesha kusikia mengi na kusema machache, lakini hili nikilinyamazia litanikaa kooni. Linahusu nyumba moja, ya tatu kutoka kibanda changu, yenye mlango wa mbao na madirisha ya nondo. Linanihusu na mimi pia.

Katika nyumba hiyo aliishi mzee tuliyemwita Fundi Suti. Alishona miaka arobaini, na nusu ya wanaume wa hapa walioa wakiwa wamevaa kazi ya mikono yake. Mapafu yalipochoka, daktari alimwandikia mashine ya oksijeni, kisanduku kinachonguruma kando ya kiti, chenye mrija mwembamba unaoingia puani, naye akaendelea kushona taratibu akiwa nao. Mashine hiyo haiendi bila umeme, na umeme wa kwetu mnaujua wenyewe, huondoka bila kuaga.

Aliishi na mwanawe wa pekee, mhasibu wa halmashauri ya jiji, na mkwewe aliyekuwa mwalimu. Wote walitoka asubuhi na kurudi jioni. Hawakuwa watu wabaya. Mzee alikula vizuri, alivaa safi, dawa hazikukosekana. Lakini kati ya asubuhi na jioni kuna saa nyingi, na hakuna aliyewahi kumuuliza anazipitishaje.

Alizipitisha kwa msaada wa chama cha mtaa. Jiji lilitupa chumba kimoja karibu na bomba la maji, jenereta ndogo yenye magurudumu, na posho ya mwanamke mmoja. Tulimwita Mama Funguo kwa sababu alifunga kiunoni funguo za nyumba kumi na moja, zote za watu wasioweza kujitoa wenyewe mambo yakiharibika. Alipita kwao mara mbili kila siku. Umeme ukikatika, alikuwa amekwisha kuisukuma jenereta hadi kwa Fundi Suti kabla sisi wengine hatujamaliza kulalamika.

Nilikuwa huko asubuhi moja, nikimnyoa mzee ndevu, Mama Funguo alipoingia.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umekuja kuona kama nimekufa?"

"Nimekuja kuona kama umekunywa dawa. Kufa subiri zamu yako, foleni ni ndefu."

Mzee alicheka mpaka mrija ukamchomoka puani. Mama Funguo aliurudisha, akaiwasha kidogo jenereta aliyoisukuma hadi mlangoni kuhakikisha inafanya kazi, akaenda zake. Nikamuuliza mzee:

"Mwanao anajua kwamba umeme ukikatika unapumua kwa jenereta ya mtaa?"

"Ana mambo mengi kichwani, nisimwongezee. Anaamini mashine ina betri."

"Na kweli ina betri?"

"Inayo. Ilikufa mwaka juzi."

Nikacheka. Sikupaswa kucheka.

Mwaka huo jiji likaishiwa. Wazoa taka walikaa miezi mitatu bila mshahara. Kituo cha afya kilikosa glovu na mitungi ya oksijeni ikabaki mitupu. Mhasibu akaagizwa apunguze matumizi, na miongoni mwa mistari aliyoikata ulikuwamo wetu, posho ya Mama Funguo na mafuta ya jenereta. Nampa haki yake: hakutuma barua. Alikuja mwenyewe kwenye mkutano wetu, akasimama mbele ya watu waliomjua tangu akiwa anakimbia bila viatu.

"Wiki iliyopita mama mmoja amejifungua na mkunga hana glovu," alisema. "Nikate wapi? Niambieni ninyi."

"Kata safari za wakubwa!" nikapaza sauti. Mimi ndiye niliyekuwa katibu. Watu wakapiga makofi.

"Nimeshazikata. Hazikutosha." Akafungua faili. "Hebu nielezeni. Huyu Mama Funguo kazi yake hasa ni nini?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Mama Funguo, aliyeketi karibu na mlango, alinikazia macho. Mzee alikuwa ametuomba tusimsumbue mwanawe, na mimi nikajificha nyuma ya ombi hilo. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa na hasira, na nilitaka kumshinda.

"Soma ripoti," nikamwambia.

"Nimeisoma. Imeandikwa 'huduma mbalimbali za kijamii'."

Ndugu zangu, ripoti ile niliiandika mimi. Roho kumi na moja nilizifunika kwa maneno manne kwa sababu nilikuwa na wateja wanasubiri na sikutaka kuchelewa kibandani.

"Basi chukueni kila kitu," nikasema. "Chumba, jenereta, vyote. Tuone mtaa utaendeshwa na nani."

Makofi yakawa makubwa zaidi. Mhasibu hakutuambia tuvunje chama. Alitunyima fedha tu. Kuvunja tulivunja wenyewe, kwa kununa.

"Na wale kumi na mmoja?" Mama Funguo akauliza.

Viti vilikuwa vimeshaanza kuburutwa.

Kesho yake lori la jiji lilibeba jenereta likaipeleka stoo. Mama Funguo alizunguka nyumba kwa nyumba akirudisha funguo. Fundi Suti aliupokea wake, akautazama kana kwamba ni wa nyumba ya mtu mwingine. "Sasa utakuwa unaingilia dirishani?" akamtania. Safari hii Mama Funguo alimrekebishia mrija, akatoka. Juma lile alipata kibarua kwa dobi, mtaa wa tatu, akifua mashuka ya hoteli.

Wiki tatu zikapita. Halafu ikaja Jumanne, saa nne asubuhi. Nilikuwa na mteja kitini, dereva wa teksi, nimeshamnyoa upande wa kulia, mashine yangu ikafa mkononi. Redio ya jirani ikakatika katikati ya tangazo. Mtaa mzima ukaguna.

"Nitatembea hivi hivi?" dereva akauliza akijitazama kwenye kioo.

"Subiri, umeme utarudi sasa hivi."

Nataka mnisikie vizuri hapa. Mashine ilipozimika, mtu wa kwanza kunijia kichwani alikuwa Fundi Suti. Nilimkumbuka. Nikajiambia, chama hakipo, mimi si katibu tena, ana mtoto wake. Nikaketi. Nikampa dereva gazeti, mimi nikachukua kurasa za michezo. Dakika tano zikapita, zikawa kumi, zikafika ishirini. Kutoka kibandani kwangu hadi mlango ule ni hatua hamsini na mbili. Nimezihesabu baadaye, mara nyingi.

Aliyekuja mbio alikuwa Mama Funguo. Mashine za dobi nazo zilizimika, akaacha mashuka majini akakimbia na aproni yake inachuruzika.

"Kinyozi! Umeshakwenda?"

"Kwenda wapi?"

"Usiniulize wapi!"

Nilitupa kurasa za michezo. Tulikwenda sote watatu, dereva akiwa bado na kitambaa changu shingoni. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Tukagonga, tukaita. Mama Funguo akaweka sikio kwenye ubao, akainua mkono tunyamaze. Ile ngurumo ya mashine haikuwepo.

"Nenda stoo ya jiji," nikamwambia dereva. "Lete jenereta. Kimbia!"

Akaondoka na teksi yake. Jirani yetu fundi wa kuchomelea akaja na mashine ya kukatia nondo, akaibonyeza, akaitupa chini kwa hasira. Nayo ilihitaji umeme. Akarudi kuchukua mtaimbo.

Huko stoo, kama dereva alivyotusimulia baadaye, mtunza stoo alimwambia kitu hakitoki bila saini ya mhasibu.

"Mtu anakufa!"

"Na mimi nitafukuzwa. Lete saini."

Dereva akaenda halmashauri, akampita mlinzi, akaingia ukumbini na kichwa chake kilichonyolewa nusu. Madiwani walikuwa wamekaa, mhasibu yuko mbele anasoma makadirio. Wengine wakaanza kucheka.

"Mhasibu! Baba yako hapumui!"

Kicheko kikakatika. Mhasibu alitoa simu mfukoni. Alikuwa ameinyamazisha kwa heshima ya kikao. Simu sita kutoka kwa baba yake. Ya mwisho ilikuwa imepigwa robo saa nyuma.

Wakati huohuo mlango wetu ulikubali, ukang'oka na bawaba zake. Fundi Suti alikuwa sakafuni, nusu ya njia kati ya kiti na mlango. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Alikuwa anakuja kutufungulia. Mama Funguo akapiga magoti, akaweka sikio kifuani.

"Yupo. Kwa mbali, lakini yupo. Gari!"

Gari pekee tulilokuwa nalo nilikuwa nimelituma stoo.

Zamani kila mtu alijua nani ana gari, nani ana jenereta, nani ana nguvu, kwa sababu Mama Funguo alikuwa na orodha. Sasa sisi na majirani waliokwisha kukusanyika tulisimama tukitazamana kama watu waliokutana stendi. Ni yeye aliyeonyesha ule mlango ulioanguka. Tulimlaza mzee juu yake, tukaubeba watu sita, tukakimbia hadi kituo cha afya, Mama Funguo mbele akisukuma watu njiani: "Pisheni! Pisheni!"

Muuguzi alivaa glovu, akavuta mtungi wa oksijeni, akafungua vali.

"Mna bahati," alisema. "Mitungi hii imejazwa wiki iliyopita. Mngekuja mwezi jana ningewaonyesha vyuma vitupu."

Nilielewa fedha za kuijaza zimetoka wapi: kwenye mstari wetu uliokatwa. Nilikaa kwenye benchi nikashindwa hata kumlaumu mtu.

Mhasibu alifika, tai imezunguka mgongoni, jenereta imo kwenye buti ya teksi, tayari haina kazi. Alimtazama baba yake kupitia kioo. Kisha akamgeukia Mama Funguo.

"Hii ndiyo kazi yako? Hii ndiyo uliyokuwa ukiifanya?"

"Kila siku, baba. Miaka minne."

"Mbona hamkuniambia?"

Mama Funguo hakunitaja. Ilinibidi nijitaje. Nilimweleza yote, ripoti, mkutano, zile dakika ishirini. Nilitegemea anipige. Aliketi kando yangu tu, akafunika uso.

Siku ya tatu mzee alifungua macho. Maneno yalitoka taratibu, yakiwa mazito. Mkono wa kulia haukumtii.

"Baba, kwa nini ulinificha? Mimi ni mwanao."

"Uliniuliza lini?" mzee akasema. Hakusema kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kukumbuka. Mkwewe, aliyekuwa akimlisha uji, aliweka kijiko chini akageukia ukutani.

Fundi Suti alipona kwa kiasi cha kurudi nyumbani. Lakini hakuweza tena kutunga uzi kwenye sindano. Juu ya cherehani yake palikuwa na koti la bwana harusi mmoja, limebaki mkono wa kushoto. Bwana harusi alilichukua hivyohivyo, akaoa amevaa la kukodi.

Msidhani jiji lilipata utajiri ghafla. Bado lina shida hadi leo. Ila mhasibu alikuja tena, safari hii bila faili, akakaa na Mama Funguo siku nzima, akamfuata nyumba kwa nyumba zote kumi na moja. Baada ya hapo alisimama mbele ya madiwani akawaambia kwamba alikata kitu ambacho hakukijua. Walibishana sana. Diwani mmoja aliuliza kama kila mtaa utakuja na mgonjwa wake, na swali hilo halikuwa la kijinga. Mwishowe walirudisha jenereta na chumba, wakatoa nusu ya posho. Nusu nyingine tunachanga wenyewe, na mafuta pia. Chama tulikifufua, na wanachama wakauondoa ukatibu kwangu, wakampa muuguzi, nami sikubisha. Kazi yangu sasa ni kusukuma jenereta.

FUNZO

Enyi wenye kalamu za jiji, najua hazina inapokuwa tupu lazima kitu kikatwe, na glovu za mkunga si anasa. Lakini msikate mstari kabla hamjaenda kuona unamshika nani. Fedha za mtaa huonekana ndogo na za kuchezea kwa sababu kazi zake hufanyika kimyakimya. Kama ni lazima kupunguza, punguzeni mkiwa mmeketi na wanaoifanya kazi hiyo, mjue pamoja nini kitaachwa na nani atakibeba.

Na sisi wa mtaani, tusijifiche nyuma ya jiji. Posho ilikuwa ya jiji, lakini ujirani ulikuwa wetu, nao tuliutupa kwa hasira ili tumkomoe mtu mmoja. Semeni kazi zenu kwa maneno yanayoeleweka. Waambieni watoto wenu mnavyoishi, na ninyi watoto, waulizeni wazazi kabla hawajalazimika kupiga simu.

Sasa wewe unayesoma: jirani yako anayebaki peke yake mchana anaitwa nani, na jana alishindaje? Kama hujui, funga kitabu hiki kwanza, utoke nje, ukapige hodi.