Chuma cha Shamba la Burdett

Jumatatu asubuhi Glenys Pickwell alikuta udongo kwenye ngazi za ndani ya nyumba, akamlaumu mumewe, kama alivyomlaumu tangu waoane. Ulikuwa udongo mweusi, mbichi, wa kunata, na ulipanda ngazi kwa mapande madogo madogo hadi mlangoni mwa chumba chao cha kulala.

"Desmond! Si nilikwambia gambuti zibaki gereji?"

Desmond alitoka na kikombe cha chai mkononi, akatazama chini, akafungua mdomo ajitetee, kisha akaufumba. Pande la udongo lililokuwa karibu naye lilikuwa na alama za vidole vya mguu. Vidole vilikuwa vidogo, vimetandazika, na gambuti hazina vidole.

"Samahani, mpenzi. Nitapangusa."

Huyo ndiye Desmond. Uongo ulimtoka upesi kuliko chafya.

Ili mjue udongo ule ulitoka wapi, inabidi niwaambie juu ya klabu, na kuzungumzia klabu hunichosha. Hapa Wragthorpe, katika Lincolnshire hii ya mashamba bapa na upepo, wapo wastaafu walioshindwa kutulia nyumbani na wake zao. Kila Jumapili ya vuli, plau ikishapita, hujipanga shambani wamevaa vidude vya masikioni, wakipitisha ditekta, zile mashine za kunusa madini ardhini, huku na huku juu ya matope, wakisubiri mlio. Alhamisi hukutana chumba cha nyuma cha baa kubishana. Ubishi ni mmoja tu, mwaka nenda mwaka rudi: je, bora mashine inayosikia kina kirefu, au bora mtu achimbe kila mlio, hata wa takataka? Watu wazima, wenye wajukuu, wananuniana kwa jambo hilo.

Desmond alikuwa kiongozi wa watu wa kina. Alikuwa amenunua ditekta mpya yenye sahani kubwa kama sinia la wali, na alidai inasikia sarafu iliyolala chini kuliko urefu wa mkono. Aliitega inyamaze kila ikipita juu ya chuma. "Mimi sichimbi takataka," alikuwa akisema, kwa sauti ambayo wengine husemea kwamba wao hawaibi.

Wa upande wa pili alikuwa Hazel Stubbs, zamani dereva wa basi la shule. Huyo alichimba kila kitu: misumari, vizibo vya bia, vile vipete vya kufungulia makopo ya soda. Vipete alivipanga dirishani ndani ya chupa za jemu, eti wageni wavione. Nani alimwambia wageni wanataka kuviona, sijui.

"Hazel, leo umeokota nini?" Desmond angemuuliza mbele ya watu. "Kizibo, au kizibo?"

"Nimeokota vyote viwili. Na wewe, mzee wa vilindini, umefika Australia?"

"Cheka tu. Siku nikitoa dhahabu utanyamaza."

"Utatoa kiatu cha farasi, Des. Chuma kikubwa kikikaa chini sana huimba kama fedha. Kitakudanganya mchana kweupe."

"Kitamdanganya mwenye mashine ya mtumba," Desmond alijibu, na watu wa kina wakagonga meza.

Basi, Jumapili iliyotangulia udongo ule, klabu ilikuwa kwenye shamba la bwana mmoja Thackray, aliyewapa ruhusa. Hadi saa za chai Desmond alikuwa hajapata kitu. Hazel alikuwa ametoa kifungo cha koti la askari wa zamani, tena kwa bahati tu, akichimba takataka zake, na watu walimzunguka kukitazama. Desmond hakuweza kustahimili. Alijipenyeza kwenye uzio wa miti, akaruka mtaro, akaingia malisho ya akina Burdett.

Akina Burdett hawajawahi kumruhusu mtu wa ditekta. Hata plau hawajawahi kuipitisha pale, na ukiwauliza sababu wanakuangalia tu. Na klabu, pamoja na upuuzi wake wote, ina sheria tatu inazozishika kweli: usikanyage pasipo ruhusa, fukia shimo lako hata nyasi zisijue, na takataka uliyoichimba, nenda nayo kwako. Anayevunja ya kwanza husomwa jina Alhamisi mbele ya wote, kisha hufukuzwa. Desmond aliivunja ya kwanza, halafu, kichekesho kikubwa, akazishika mbili zilizobaki kwa uaminifu wa ajabu.

Mlio aliousikia pale ulikuwa mwembamba na mtamu. Alikata nyasi, akachimba. Udongo mweusi uliisha, ukaanza wa mfinyanzi, na hapo ndipo mwenye akili huacha, kwa kuwa kilicho chini ya hapo kuna mtu alikiweka kwa makusudi. Desmond alilala kifudifudi, akatumbukiza mkono mpaka kwapani, akashika, akavuta.

Kilikuwa chuma. Pao refu la chuma lililopindwa upinde, ncha zote mbili zimechongwa, la kugongomelewa ardhini huku limepanda juu ya kitu. Ndani ya upinde kulikuwa na vijiti vya rangi ya chai vilivyovunjika alipovigusa, akajiambia ni mizizi. Ikatoka harufu ya maji ya maua yaliyosahauliwa kwenye chombo chake.

Alifukia vizuri, akarudisha nyasi, akazikanyaga. Kisha chuma chake akakitia mfukoni mwa takataka, chini ya koti, akarudi.

"Ulikuwa wapi?" Hazel alimuuliza.

"Kona ya kaskazini, kwa Thackray. Hakuna kitu."

Chuma alikitupa ndani ya ndoo gereji, na usiku ule akalala vizuri tu. Baadaye ndipo udongo ulipopanda ngazi.

Jumanne nyumba ilianza kunuka yale maji ya maua. Glenys alimwaga maji ya vyombo vyote, akafungua madirisha, akapiga deki, na harufu ikabaki pale pale, hasa upande wa kitanda chake. Jumatano, saa kumi jioni, saa ambayo Novemba ya kwetu tayari ni giza, alimjia mumewe sebuleni akitembea kwa vidole.

"Des," alinong'ona. "Kuna mtu gereji."

"Ni upepo."

"Upepo hauchakuri. Njoo usikie. Njoo, nakuomba."

Walisimama mlangoni, Glenys kamshika mkono wa sweta, wakasikia mlio wa chini, mzito, wa kukoroma, ule ambao ditekta hutoa ikipita juu ya chuma, unakuja, unapotea, unakuja tena, ukitoka kwenye mashine ambayo Desmond mwenyewe aliitoa betri Jumapili na kuziweka kwenye droo ya jikoni, na nyuma ya mlio huo, taratibu, bila haraka yoyote, kucha zikikwaruza ndani ya ndoo ya bati, zikigusa na kuachia, zikigusa na kuachia, kama mtu anayetaka kushika kitu kinachomuunguza. Kisha vyote vikanyamaza kwa pamoja, na Glenys akapiga chafya, akashika shingo, akasema anasikia baridi.

Tangu hapo Glenys hakuwa Glenys. Mwanamke yule alikuwa hakaukiwi maneno: akiimba na redio, akimpigia simu dada yake aliyeko Grimsby hadi sikio liwe jekundu, akipanga maua ya kanisa na kugombana na kila aliyeyagusa. Sasa alikaa kitini akitazama sakafu. Alikula mbatata mbichi na maganda yake. Hapa kwetu watu hawasemi jini, wana maneno yao ya adabu adabu; mimi nitaliita jini, maana sioni sababu ya kulipamba.

Desmond alimpenda mkewe. Nalisema hili kwa haki, maana mengine nitakayosema juu yake hayatakuwa mazuri. Aliogopa kumpoteza kuliko alivyowahi kuogopa lolote, akalia bafuni bomba likiwa wazi. Ila mwanamume huyu, mkewe anazama mbele ya macho yake, alifanya nini? Alikwenda kuchukua ditekta. Alitia betri, akaitega isikie kila kitu, chuma na takataka, akaipitisha polepole juu ya Glenys aliyesinzia kitini, miguu, magoti, mapaja, mikono iliyolala mapajani, na pale juu ya mkono wa kushoto, juu ya pete ya ndoa aliyomvisha mwenyewe, pete anayoiona kwa macho yake inang'aa chini kidogo tu ya sahani, mashine yake isiyokosea, inayosikia hadi vilindini, haikusema neno. Glenys akafumbua macho.

"Nimelala upande mmoja muda mrefu," alisema, kwa sauti iliyojaa kohozi. "Shingo inaniuma."

Alfajiri ya Ijumaa alimkuta bustanini na gauni la kulalia, amepiga magoti, anachimba tuta la waridi kwa vidole. Kucha zilikuwa zimeng'oka. Pembeni mwa mdomo kulikuwa na udongo.

Hapo ndipo alipompigia simu Hazel, akamwambia juu ya chuma alichochimba Jumapili, na Hazel, pamoja na vipete vyake vyote, alifika upesi akiwa na Mchungaji Philippa Orme wa parokia, mama mpana, mwenye gambuti, asiyependa maneno mengi. Mchungaji alimshika Glenys mkono, akauachia haraka. Kisha akaomba aonyeshwe chuma. Alikigeuza geuza, akaweka upinde wake karibu na shingo yake mwenyewe, na ukatosha.

"Hiki kilimbana mtu," alisema chini chini. "Waliogopa asiinuke. Na wewe umemfungulia."

"Sikujua, Mchungaji."

"Najua hukujua. Sasa sikiliza. Kinatakiwa kirudi palepale, juu yake. Sizungumzii karibu na hapo. Palepale. Kikikosea, kitakuwa chuma tu shambani, na mkeo hatarudi. Umekitoa wapi?"

Kwa upande wa pili wa meza Glenys aliinua uso. Macho yake, kwa mara ya kwanza tangu juzi, yalikuwa na machozi, na yalimkazia mumewe, na midomo ilitikisika bila kutoa sauti.

Hazel naye alikuwa akimtazama. "Des? Kona ya kaskazini, si ndivyo ulivyosema?"

Lilikuwa neno moja tu. Burdett. Mtoto mdogo angelitamka. Lakini Desmond aliiona Alhamisi, akaona chumba cha nyuma cha baa, jina lake likisomwa, watu wa kina wakitazama bia zao, Hazel akienda kusimulia kwa wote kwamba mzee wa vilindini aliruka mtaro kama mwizi akachimba chuma. Alijiambia kwamba ardhi ni ardhi. Kwamba kwa Thackray ni hatua chache tu kutoka pale. Kwamba sala ndiyo muhimu. Nimemfikiria sana mtu huyu, na bado sijapata shimo la kumtosha.

"Ndiyo," alisema. "Kona ya kaskazini, kwa Thackray."

"Una uhakika?" Mchungaji aliuliza.

"Uhakika kabisa."

Machozi ya Glenys yalimwagika, na midomo ikaacha kutikisika.

Walikwenda mchana huo huo, Glenys katikati yao, amevishwa koti. Desmond aliwaonyesha mahali, Hazel akachimba.

"Udongo mgumu huu," alisema akihema. "Kwa shimo la juzi, mbona mgumu hivi?"

"Nilishindilia."

Wakakigongomelea chuma chini, Mchungaji akasoma sala yake kwa sauti kubwa upepo ukimvuruga kurasa, na alipofika mwisho Glenys alipiga ukelele mmoja, akaanguka matopeni. Alipoinuka mashavu yalikuwa na rangi. Aliwatazama wote, akatabasamu, akaomba chai. Hazel alilia waziwazi. Desmond alimkumbatia mkewe, akacheka, akashukuru Mungu, na nadhani aliamini kweli kwamba Mungu naye amekubali kudanganywa.

Nyumbani, Glenys alipika chai mwenyewe na kufungulia redio. Alikata mkate wa zabibu, akaupaka siagi, akakaa karibu na mumewe na kumshika mkono. Mkono ulikuwa baridi, lakini nje kulikuwa na baridi.

"Des," alisema kwa upole. "Kwa Burdett ni ng'ambo ya mtaro."

Desmond alikuwa hajamwambia mtu yeyote habari za Burdett.

"Alikuwa bado humu," sauti iliendelea, huku kidole gumba kikipapasa kiganja chake. "Pale mezani. Alikuwa amebaki kidogo tu, amejishikilia, anakusubiri useme neno moja. Nilimwambia hutasema. Akasema nakufahamu vibaya." Likamsogezea sahani ya mkate. "Sasa ameacha kusubiri. Kula, mume wangu."

Alhamisi iliyofuata Desmond alifika klabuni mapema. Hakuna jina lililosomwa. Hazel alimsogelea na glasi mbili za bia, akamwekea moja mbele.

"Glenys hajambo?"

"Hajambo kabisa," Desmond alisema. "Anakusalimu."